Sungura wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na imeanza kwa fujo. Nimefika nyumbani nimelowa chapachapa, viatu mkononi, lakini nimeingia nikicheka, maana nilikuwa na habari. Kabla hata sijavua koti nikamwambia Dada: Mshenga yupo. Akaacha cherehani yake, akanikumbatia na maji yangu yote, akalia. Kisha akamnyanyua Chiriku juu juu, na mtoto akaanza maswali yake: kwa nini mama analia, kwa nini mama mdogo ananuka mvua, kwa nini yeye hajapewa biskuti.

Naandika haya ili siku nikizeeka nikumbuke kwamba maabara iliwahi kunifaa kwa jambo la nyumbani. Chiriku ana miaka minne na ameugua kuliko watu wazima wa mtaa mzima: sikio, jipu, kifua, jipu tena. Daktari wake alishuku kwamba mwilini mwake inakosekana protini moja ndogo. Jina lake la vitabuni ni herufi na tarakimu. Sisi maabara tunaiita Mshenga, kwa sababu kazi yake ndiyo hiyo. Kijidudu kikifika, mlinzi aliye kwenye ukuta wa seli hukiona, lakini hawezi kuingia ndani kutangaza. Humpa Mshenga ujumbe, Mshenga huupeleka ndani, na mwili mzima ukaamka. Asipokuwepo, mlinzi anamwona mwizi na nyumba inaendelea kulala. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa mahututi asipate hata homa.

Sisi ni watafiti, si watu wa kupima wagonjwa. Ila hakuna mahali pengine karibu penye kingamwili ya kumnasa Mshenga, kwa hiyo Daktari hutuletea damu ya watoto wake wachache, kwa hisani tu, na sisi tunatazama. Ya Chiriku nimeitazama mwenyewe. Mshenga akiwepo huonekana kama mstari, na wake ni mweusi, mnene, umekaa pale pale unapotakiwa. Daktari amesema ile dawa ya kinga aliyokuwa akinywa kila siku sasa iachwe.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Umeme umekatika mara mbili. Friza imevumilia kuliko mimi.

Jumanne, 11 Machi

Nimemtania Mkasi mpaka Profesa akatoka ofisini kutuambia tufanye kazi. Mkasi ni mwanafunzi wa uzamivu, meza yake iko jirani na yangu, na jina hilo nimempa mimi. Hapa kwetu, protini zikishatenganishwa kwa uzito kwenye jeli na kuhamishiwa kwenye utando, huwa hatuuloweki utando wote. Kingamwili ni adimu, ikiagizwa leo unaweza kuisahau mpaka ifike, na Profesa ana mkono wa birika. Kwa hiyo Mkasi hukata kipande cha upana wa kidole, pale Mshenga anapotakiwa kusimama. Kipande huoshwa kwa maziwa ya unga, kisha hutiwa kwenye kijifuko cha nailoni pamoja na tone la kingamwili. Utando uliobaki unakwenda pipani, pamoja na ngazi yake. Ngazi ni ule msururu wa alama za rangi unaopita ukingoni, wa kukuonyesha uzito gani unakaa kimo gani.

Wageni wakija hustaajabu tunavyobana matumizi, na Profesa huvimba kichwa. Mimi siwezi kukata. Nikikata, kipande kinakwenda upogo, na Dada, ambaye ni fundi cherehani, anasema hata angekuwa na njaa asingeniajiri.

Chiriku amenenepa kidogo. Au ni macho yangu yanayotaka hivyo.

Jumatano, 19 Machi

Chiriku anakohoa. Nimemgusa paji la uso: baridi kama mtungi. Dada anajisifu kwa majirani kwamba mwanawe siku hizi hana homa. Ningekuwa sijayaona majibu kwa macho yangu, ningeingiwa na hofu. Lakini Mshenga yupo, na kikohozi ni kikohozi, nani hakohoi na mvua hii.

Ijumaa, 28 Machi

Mkasi yuko kwao, mama yake ametolewa mtoto wa jicho. Profesa anataka picha za Mshenga kwa ajili ya makala yake, na mimi na mkasi hatupatani. Nikasema liwalo na liwe. Nimeuloweka utando mzima bila kukata, nikaitumia kingamwili kama mali isiyo na mwenyewe.

Mstari umetoka safi. Ila umepanda.

Haujapanda sana. Ukiweka rula kwenye ngazi, Mshenga anatakiwa kusimama hapa, na huyu amesimama juu yake kidogo, kama jirani aliyekaa kwenye baraza isiyo yake. Nimeitazama picha mpaka macho yakaniwasha. Nimempigia Mkasi simu. Amesema jeli imeenda mshazari kwa sababu ya joto, nisianze kujitafutia maradhi, halafu akanipa mama yake nimsalimie.

Jumatano, 2 Aprili

Nimerudia. Jeli imeenda wima kabisa. Mstari umepanda vile vile.

Nikaenda kwenye friza nikasoma chupa. Kingamwili hii hupatikana kwa kumchoma sungura kipande cha Mshenga, halafu damu ya sungura ikatengeneza kitu cha kumng'ang'ania Mshenga. Ndivyo inavyoandikwa na ndivyo tunavyofundisha. Sasa, chupa tuliyonayo ilifunguliwa mwaka jana mwishoni, na namba ya toleo si ile ya chupa iliyotangulia. Nimewaandikia wauzaji. Wamejibu haraka, kwa adabu zote: sungura wa kwanza alikufa kwa uzee, toleo hili ni la sungura wa pili, na ubora ni ule ule.

Ubora ni ule ule. Mama yangu alizaa watoto wawili kwa tumbo moja, mimi na Dada, na hatufanani hata kukohoa. Itakuwaje sungura wawili wasiojuana?

Mkasi amerudi. Nimemwonyesha picha zote mbili, amezitazama, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimemwonyesha Profesa. Nikasema bado. Akasema, "Basi acha kwanza. Sura yangu ya tatu yote imekaa juu ya chupa hiyo." Nikamwambia kwamba damu ya mtoto wa dada yangu nayo imekaa juu ya chupa hiyo. Akawasha mashine ya kuzungusha, na kelele zake zikatusaidia sote wawili kutozungumza.

Nilidhani namjua. Kumbe nilikuwa najua mizaha yake tu.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimemwandikia mtafiti mmoja wa chuo cha mbali, tulijuana kwenye mafunzo. Yeye ana seli ambazo Mshenga ameondolewa makusudi, hayumo hata chembe. Zikioshwa kwa kingamwili yetu zisitoe mstari, basi chupa ni ya kweli na mimi ni mwehu. Zikitoa mstari, hayo mengine sitaki kuyaandika.

Nyumbani sijasema kitu. Nitasema nini? Kwamba nahisi? Dada ana oda ya sare za shule, anashona mpaka mgongo unampinda, na kila akiinuka anamtazama mtoto anacheza na anatabasamu. Nasubiri uhakika.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Seli hazijafika. Chiriku amenisimulia habari za paka wa jirani kuanzia nilipovua viatu mpaka nilipolala. Nimemsikiliza neno kwa neno.

Jumatano, 9 Aprili

Seli zimefika, zimefungwa kwenye barafu kavu. Mkasi ndiye aliyepokea kifurushi. Ameniwekea mezani bila kusema neno. Chai ameniwekea pia, kwa hiyo sijui tumegombana au hatujagombana.

Jumatatu, 14 Aprili

Naandika nikiwa nimeketi kwenye benchi la wodi ya watoto. Nataka kuandika kwa utaratibu, kwa sababu ndani yangu hakuna utaratibu.

Asubuhi picha ilitoka. Kwenye seli zisizo na Mshenga, mstari upo. Mweusi, mnene, umekaa kimo kile kile cha juu kidogo. Kwa maneno mengine, sungura wa pili hamjui Mshenga; anayemjua ni protini nyingine inayokaribiana naye kwa uzito, na sisi tumekuwa tukimsalimia jirani kwa jina la mwenye nyumba. Tungeiona tangu siku ya kwanza kama tusingekuwa tunakata ngazi na kuitupa. Kipande cha upana wa kidole hakina juu wala chini. Chochote kinachotokea ndani yake unakiita Mshenga, kwa sababu ndiye uliyekuja kumtafuta.

Sikwenda kwa Profesa. Nilivua koti la maabara nikaenda nyumbani.

Dada alikuwa kwenye cherehani. Nyumba ilikuwa kimya, na nilipoingia tu kimya kile kilinitisha, kwa sababu nyumba yenye Chiriku haiwi kimya mchana. Nikauliza yuko wapi. Dada akasema amelala, tangu asubuhi mchovu, nimwache apumzike, hana homa wala nini. Nikaingia chumbani. Alikuwa amefumbua macho, ananitazama, hasemi. Nikamwambia mama mdogo amekuja, akafumba macho kana kwamba mwanga unamchoma. Nikaweka mkono chini ya kichwa nimwinue, na mabega yakaja pamoja na kichwa. Shingo haikukunjika.

Sikumbuki vizuri teksi. Nakumbuka Dada ana sindano zimechomekwa kifuani pa gauni na hajui. Mapokezini, muuguzi wa zamu alimpima joto, akasoma, akasema halijazidi, tukae foleni. Nikamwambia mtoto huyu hapandi joto, huo ndio ugonjwa wenyewe. Akanijibu kwa upole kwamba kila mzazi anasema wa kwake ndiye mgonjwa zaidi. Hakukosea, mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele. Nikampita, nikaenda kugonga mlango wa Daktari.

Daktari alimlaza, akamkunja shingo, akamwita muuguzi. Kisha akafungua jalada, na nikaona kidole chake kinatafuta majibu yetu. Dada alikuwa amesimama karibu yangu, bega kwa bega. Nikajua nikisema hapa anasikia, na nisiposema mtoto atatibiwa kwa kutegemea mstari wa uongo.

"Daktari," nikasema, "majibu yetu usiyafuate. Mhesabu kwamba hana."

"Hana nini?"

"Hana Mshenga. Kitu tulichokiona sicho. Hatujui kama anaye."

Hakuuliza zaidi, Mungu ambariki. Alisema wasisubiri vipimo, dawa ya mshipa ianze sasa hivi, ile kali, na maji ya uti wa mgongo yachukuliwe. Walipomsukuma kuingia ndani, mlango ukafungwa, tukabaki mimi na Dada ukumbini.

Dada akaniuliza, "Tangu lini?"

Nikasema nimehakikisha leo asubuhi.

"Sikukuuliza umehakikisha lini."

Nikamwambia. Tangu picha ya kwanza, ile ya siku Mkasi hayupo. Hakunitukana. Alianza kuchomoa zile sindano kifuani, moja moja, akazichomeka kwenye ukingo wa mkoba wake. Halafu akaenda kukaa benchi la mbali. Ndilo analokalia mpaka sasa ninapoandika.

Jumanne, 15 Aprili

Yuko hai. Bado hasemi.

Nimekwenda maabara kuongea na Profesa. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, maana namjua: makala yake iko karibu kutoka, na mtu aliyenibania maziwa ya unga hatanikunjulia uso kwa jambo kama hili. Niliweka picha mezani. Akavaa miwani. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena, na mimi nikasikia mvua kwenye bati la maegesho. Alipoongea aliuliza swali moja.

"Kwa chupa hii tumewatazama watoto wa Daktari wangapi?"

Nikasema watano, pamoja na wa kwetu. Akavua miwani. Akasema amri ya kukata utando ilikuwa yake, alianza nayo enzi zile kingamwili ilipokuwa haipatikani kabisa, na alijivunia. Alisema makala anaiondoa leo. Kisha akaniambia niende hospitali, na kwamba yeye atamwandikia Daktari, barua yenye jina lake mwenyewe chini, si jina la maabara. Miaka yote nimemwita bahili, na sikuwahi kujiuliza anambania nani. Alikuwa anawabania wale watakaokuja kufanya kazi baada yetu, wasikute friza tupu. Nia ilikuwa njema, na imetufikisha hapa.

Mkasi alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alitoka nje akasimama kwenye mvua. Sikumfuata. Sura nzima ya kazi yake imekwenda na maji, na hakuna pole inayoweza kuirudisha.

Alasiri alikuja wodini na chupa ya juisi na kanga ya kumfunika mtoto. Alimpa Dada, si mimi. Akasema, "Dada, mimi ndiye niliyekuwa nakata." Dada akamwambia aketi.

Ijumaa, 18 Aprili

Amekunywa uji. Hasemi.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo asubuhi Chiriku amemuuliza muuguzi kwa nini viatu vyake vinalia. Muuguzi akajibu. Chiriku akauliza kwa nini vya mama havilii. Muuguzi akajibu tena. Dada alitoka nje ya wodi akaegemea ukuta, nikamfuata, tukalia wote wawili kama watu wa msibani, mpaka mtu mmoja akatupa pole.

Tulipomaliza akanishika mkono. Amesema hajanisamehe, ila amechoka kukaa benchi la mbali, mgongo unamuuma. Nikasema nimekubali masharti.

Jumatatu, 5 Mei

Yule mtafiti wa chuo cha mbali ametutumia matone ya chupa ya zamani, ya sungura wa kwanza, aliyokuwa ameyatunza. Tumefanya kazi watatu, Profesa mwenyewe amevaa glavu, jambo ambalo Mkasi anasema hajawahi kulishuhudia. Mkasi ameshika utando kwa ncha za vidole akauloweka mzima mzima, na ngazi yake. Kwenye njia ya kwanza ya jeli tuliweka seli zisizo na Mshenga, ya pili damu yangu, ya tatu damu ya Chiriku.

Njia ya kwanza tupu. Yangu, mstari, na safari hii uko pale pale ngazi inapotaka. Ya Chiriku, tupu. Nyeupe. Daktari atapeleka damu isomwe vinasaba pia, lakini amesema hasubiri. Dawa ya kinga imerudi, na chanjo za ziada.

Nilimwambia Dada jikoni. Aliuliza kama sasa ni kweli au nitakuja tena mwezi ujao na mengine. Nikamweleza ya zile njia tatu, kwamba mimi ninaye na mtoto wake hana. Akakoroga sufuria.

"Ile siku uliponiambia yupo nilifurahi nikalala usingizi," akasema. "Leo nimeumia, lakini najua dawa ni saa ngapi. Bora hii."

Daktari amempa moyo: wakilindwa vizuri utotoni, wengi wao huwa na nafuu kadiri wanavyokua. Chiriku amedai kujua kama dawa ina ladha ya embe. Haina.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua imepungua. Leo tumeanza kuwapigia wazazi wa wale wanne wengine; tulisubiri kwanza tuwe na chupa ya kuaminika, na huko nako ni kuchelewa. Daktari alitaka kupiga yeye, Profesa akakataa: walioandika majibu ndio watakaoyafuta. Tulikaa ofisini kwa Daktari, simu katikati ya meza.

Profesa akapiga ya kwanza. Masikini, alianza kumhutubia yule baba kuhusu uzito wa protini. Baba wa watu akadhani anauziwa kitu, akakata. Profesa akanisogezea simu. Nikapiga mimi. Yule baba na familia mbili zilizofuata, watoto wako salama, watakuja wiki hii. Mmoja alinifokea, na haki yake. Nilimwacha amalize.

Ya nne haikupokelewa.

Jumanne, 13 Mei

Imepokelewa leo.

Nilijitambulisha, kwamba napiga kutoka maabara iliyotazama damu ya mtoto wake. Yule mama akachangamka. Akasema anatukumbuka, anawezaje kutusahau. Akanieleza kwamba mtoto wake alifariki mvua zilipoanza, ghafla, siku mbili tu. Alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema maneno hayo mara nyingi. Kisha akanishukuru. Alisema hospitali zote walizopita walipewa hofu tu, sisi peke yetu ndio tuliowapa habari njema, na kwamba kinachompa nguvu ni kujua mwanawe hakuwa na ule ugonjwa, ilikuwa ni kazi ya Mungu tu.

Profesa alikuwa ananitazama. Daktari naye. Hawakusikia alichosema, waliona uso wangu.

Nitakiri hapa kwamba nilitaka kumwacha hivyo hivyo. Nilitaka kusema pole, Mungu awape subira, nikate simu. Mtoto amekwenda, na mama amepata mahali pa kuegemea. Mimi ni nani nikamwondolee? Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema hivyo.

Ndipo nikasikia kwenye simu mtoto mchanga analia, na yule mama anambembeleza.

Nikauliza ni wa nani. Akasema ni wa kwake, mdogo wa marehemu, anatimiza miezi saba, ndio ameanza kutambaa.

"Mama," nikasema, "kaa chini kwanza. Majibu tuliyokupa yalikuwa ya uongo."

Nikamwambia yote, kwa maneno ya nyumbani, bila uzito wa protini. Kwamba kosa ni letu. Kwamba huenda aliyefariki alikuwa na ule ugonjwa. Kwamba ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, na unaweza kuwapata ndugu wa tumbo moja. Mtoto alikuwa bado analia.

"Kwa hiyo ile dawa," akasema, "tusingeiacha..." Hakumaliza, na mimi sikummalizia.

Nilingoja anitukane. Nilingoja akate simu. Nilimsikia anamhamishia mtoto bega jingine, anavuta kamasi.

"Nimlete saa ngapi?" akauliza.

Nikamwambia amlete sasa hivi, nitamsubiri mwenyewe getini.